Hadithi za kutisha za usiku wa manane: ipi itakufaa?

Anayetafuta kitabu cha kutisha huuliza kwanza kama kinatisha kweli. Nikiulizwa hivyo huwa narudisha maswali: utasoma saa ngapi, uko na nani nyumbani, na ukifika ukurasa wa mwisho unataka nini? Hadithi hizi hazilingani. Zipo zinazokutia hofu kwa kurasa mia kisha zikakueleza kila kitu, ukajua nani alifanya nini na kwa sababu gani, ukavuta shuka ukalala. Zipo pia ambazo hazielezi. Mwandishi anakuonyesha kitu, ananyamaza, nawe unabaki kukifikiria hadi alfajiri. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kuchagulia. Urefu unafuata, kisha lugha, kwa sababu Kiingereza cha zaidi ya miaka mia iliyopita ni mzigo saa saba ya usiku, hata kwa mtu aliyekisomea.

Nimepanga hapa vitabu vya Kiswahili, ambavyo wengi wetu tumevisoma bila kuviita vya kutisha, na vya Kiingereza ambavyo karibu vyote ni vya zamani kiasi kwamba unavipata bure kwenye maktaba za mtandaoni kama Project Gutenberg, bila kumwibia mtu. Miisho sitaisimulia.

Mtu asiyeamini: Bwana Msa na Profesa Parkins

Jozi hii naipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Waandishi wawili, mmoja wa Unguja na mwingine wa Cambridge, walimchukua mtu mwenye akili zake asiyeamini mizimu wakampeleka penye mzimu. Kisha kila mmoja akamfanyia lake.

Muhammed Said Abdulla aliandika *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyoshinda nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 na kuchapishwa 1960. Mtu mwenye mali yake anauawa, na kifo chake kinahusishwa na mahali ambapo watu huogopa kupita, mahali pa wahenga. Wenyeji hawahitaji polisi kuwaambia kilichotokea, wanajua tayari. Ndipo anapoingia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum, akiuliza maswali ambayo hakuna aliyetaka kuyasikia. Anayekumbuka Sherlock Holmes atamtambua mara moja, lakini Bwana Msa ni wa kwetu kabisa: anavyosalimia, anavyotania, anavyomwacha mtu aongee hadi ajikwae kwa ulimi wake mwenyewe.

Hofu ya kitabu hiki inatoka midomoni mwa watu. Abdulla haonyeshi mzuka ukitoka kwenye kichaka. Anaonyesha watu wazima, wenye familia na mashamba, wakishusha sauti wanapolitaja jina la mahali. Kwa msomaji aliyekulia pwani hilo linatosha. Mwaka 1995, hofu ya popobawa, jini linalosemwa kuwavamia watu vitandani usiku, ilipotanda Pemba kisha Unguja, watu walitoka vyumbani mwao wakalala nje kwa makundi, wakikesha pamoja. Aliyeishi karibu na mambo kama hayo hahitaji maelezo marefu ya damu na meno, anahitaji kusikia tu kwamba jirani naye amesikia.

Sasa mgeukie M. R. James. Alikuwa mwanazuoni wa maandiko ya kale, baadaye mkuu wa Chuo cha King's huko Cambridge, na hadithi zake aliwasomea marafiki zake majira ya Krismasi kabla hazijawa kitabu. Kitabu chake cha kwanza, *Ghost Stories of an Antiquary*, kilitoka 1904 na ndani yake kuna hadithi nane. Unayotaka wewe ni ile yenye jina refu, *Oh, Whistle, and I'll Come to You, My Lad*. Profesa Parkins, kijana nadhifu mwenye kujiamini, anakwenda likizo pwani ya mashariki ya Uingereza kucheza gofu. Rafiki yake anamwomba apitie magofu ya zamani ya watawa wapiganaji. Parkins anapapasa humo, anaokota filimbi ya shaba. Imeandikwa maneno ya Kilatini, na mstari mmoja unauliza: ni nani huyu anayekuja? Anaipuliza. Chumbani kwake hotelini kuna vitanda viwili, naye analalia kimoja.

Nimesoma hadithi nyingi za mizuka ya Kizungu ambazo hazikunigusa kwa sababu vitu vyake si vyangu: mnara, theluji, bibi harusi mwenye taa ya mshumaa, nyumba ya vyumba arobaini. James ananishika kwa sababu kitu chake cha kutisha kimetengenezwa kwa kitanda na shuka. Hakuna nyumba kati ya Lamu na Lubumbashi isiyo na kitanda na shuka. Na tena James hamfuati msomaji na makelele. Anaeleza upepo, mchanga, mtu mdogo wa mbali anayekimbia ufukweni kama anayefukuzwa, kisha anarudi kwenye habari za chakula cha jioni na mchezo wa gofu.

Tofauti yao iko hapa. Bwana Msa hatetemeki, na ukishamzoea unajua kwamba hatatetemeka. Kuanzia katikati ya riwaya hofu inapungua na hamu ya kujua inaongezeka: unaacha kuogopa mzimu, unaanza kuwashuku watu. Abdulla alikusudia hivyo, na kitabu kizima ni hoja kwamba maovu yanayosingiziwa wahenga yana mikono ya watu. James anaamini kinyume. Kwake elimu ya Parkins ndiyo iliyomtia matatani, kwani mtu mwenye hofu kidogo asingeipuliza filimbi ile.

Kwa hiyo, kama unalala peke yako, au kama kwako jini si jambo la kubuni, chukua Bwana Msa. Utatetemeka kidogo, utacheka sana, na mwisho utaona mambo yote yamepangika. Kama unataka kitu kikukae mwilini hadi kesho yake, chukua Parkins, maana ni hadithi fupi, unaimaliza kabla ya saa moja kwisha. Nikilazimishwa kuchagua moja kwa sababu ya hofu peke yake, nachagua James bila kusita. Nikilazimishwa kuchagua moja ya kurudia kila mwaka, nachagua Abdulla, kwa ajili ya Kiswahili chake. Mazungumzo ya wahusika wake yana mapishi ya Unguja hasa, na msomaji wa bara atakutana na maneno ya kumfikisha kwenye kamusi. Asikate tamaa kwa hilo. Mbele yake kuna vitabu vingine vya Bwana Msa, kikiwamo *Kisima cha Giningi* cha 1968, na kwa Mzanzibari aliyesikia visa vya wachawi wa Giningi akiwa mtoto, hilo jina tu tayari limekwishafanya nusu ya kazi.

Una nusu saa tu: Jacobs au Poe

Usiku wa siku ya kazi hauna nafasi ya riwaya. Hapo hadithi mbili zinashindana kila mara, nazo zote zinamalizika kabla chai haijapoa.

*The Monkey's Paw* ya W. W. Jacobs ilitoka 1902. Familia ya watu watatu, baba, mama na kijana wao, inapata mkono mkavu wa kima ulioletwa na askari mzee kutoka India. Mkono huo unatimiza matakwa matatu. Askari anawasihi wautupe motoni. Baba anaomba pauni 200 kumalizia deni la nyumba, na pesa inakuja, lakini kwa njia ambayo mzazi yeyote angeirudisha mara mbili asiipate.

Hadithi hii nadhani inatushika sisi kuliko inavyowashika Waingereza wenyewe. Nani hajasikia habari za utajiri wa masharti? Kila mji wetu una duka lililofunguliwa ghafla na watu wakaanza kuhesabu waliokufa katika ukoo wa mwenye duka. Jacobs hakujua lolote kuhusu visa hivyo, lakini ameandika kiini chake bila kupotea: pesa iliyokuja kwa njia isiyo ya jasho, na mtoto aliyekuwa bei yake. Lililo zuri zaidi ni kwamba hakuonyesha chochote. Kila kinachotokea kingeweza kuwa bahati mbaya tu. Hata mlango unapogongwa, msomaji anasikia sauti na hakuna anachokiona. Kiingereza chake ni chepesi, mwanafunzi wa kidato cha tatu atakimudu.

*The Tell-Tale Heart* ya Edgar Allan Poe ni ya 1843 na ni fupi zaidi, kurasa chache tu. Msimulizi anaanza kwa kusisitiza kwamba hana wazimu, na kadiri anavyosisitiza ndivyo unavyotamani kusogea mbali naye. Anampenda mzee anayeishi naye, hana ugomvi naye wala tamaa ya mali yake. Tatizo ni jicho la mzee, jicho moja lenye ukungu. Basi kila usiku anafungua mlango wa chumba cha mzee taratibu, taratibu mno, na kuchungulia.

Hapa hakuna jini, mzimu wala hirizi. Kinachotisha ni kichwa cha mtu. Kwa msomaji asiyeamini mambo ya ghaibu, ambaye Jacobs atamwacha akisema "hizo ni ngano", Poe ndiye dawa. Kwa upande mwingine, sentensi zake zimekatwakatwa, zina vistari na mishangao, na zinataka kusomwa kwa sauti. Ukizisoma kimya huku umechoka, utaona mtu anapiga kelele tu. Kwa hiyo Poe nampa mtu aliye na mwenzake chumbani wa kumsomea. Jacobs nampa mzazi, ingawa kwa tahadhari: aliyefiwa na mtoto asiipeleke kitandani hadithi hii.

Ndefu za likizo: Dracula na nyumba ya Hill House

*Dracula* ya Bram Stoker (1897) kila mtu anaijua kwa jina, na ndiyo maana wengi wanaianza na kuiacha. Nisikilize kabla hujaianza. Ni kitabu kikubwa cha sura 27, kimeandikwa kwa njia ya shajara, barua na habari za magazeti. Sura nne za mwanzo ni za ajabu. Mwanasheria kijana anasafiri hadi Transylvania kukamilisha mauzo ya nyumba ya London kwa mteja, anakaribishwa kwenye ngome, anahudumiwa vizuri, kisha siku moja anachungulia na kumwona mwenyeji wake mwenyewe akitandika meza. Ndipo anapogundua kwamba humo ndani hakuna mtumishi hata mmoja. Wako wawili tu. Jambo dogo kama hilo linanitisha kuliko meno yote yanayokuja baadaye.

Baada ya sura hizo kitabu kinahamia Uingereza na polepole kinageuka msako, kundi la watu wema wakikimbizana na mwovu kwa treni na meli. Msako una raha yake, ila hofu inayeyuka, na daktari Van Helsing anazungumza Kiingereza kibovu kwa makusudi, jambo linalomchosha msomaji ambaye Kiingereza si lugha yake. Ushauri wangu ni wa wazi: soma sura nne za kwanza kwa usiku mbili, kisha nenda sura ya saba utafute kumbukumbu za safari za meli Demeter. Mabaharia wanapungua mmoja mmoja baharini, na meli inaingia bandari ya Whitby katika dhoruba, nahodha wake akiwa maiti iliyofungwa kwenye usukani. Watu wa pwani, ambao baba zao waliingia chomboni na wengine hawakurudi, wataielewa sehemu hiyo vizuri. Ukipenda kuendelea, endelea, na usipopenda umekwishapata kilicho bora.

*The Haunting of Hill House* ya Shirley Jackson (1959) ni kitabu kidogo kuliko hicho, na ni kikali zaidi. Msomi anayechunguza mambo ya mizuka anawaalika watu wachache wakae nyumba yenye sifa mbaya. Mmoja wao ni Eleanor, mwanamke aliyetumia miaka 11 kumuuguza mama yake, ambaye sasa mama amekufa na yeye hana pa kwenda. Nyumba ilijengwa kwa pembe zisizo sawa, kila kona imepinda kidogo, hata milango inajifunga yenyewe. Usiku kitu kinapita ukumbini kikigonga mlango baada ya mlango. Na kuna usiku ambapo Eleanor, gizani, ameshika mkono wa mwenzake kwa hofu. Taa zinapowaka, unaona kilichomfanya aogope zaidi ya makelele yote.

Kinachokuumiza humu ni upweke wa Eleanor. Jackson hasemi kama nyumba ndiyo inayomtaka Eleanor au Eleanor ndiye anayeitaka nyumba. Nimekipendekeza kwa watu wengi, na waliokipenda zaidi ni wale ambao wamewahi kuwa wauguzi wa nyumbani, binti au mjukuu aliyebaki na mgonjwa wakati ndugu wengine wamekwenda mjini. Hao wanamjua Eleanor kabla Jackson hajamaliza kumweleza.

Ulinganisho wa haki kati ya viwili hivi ni huu: *Dracula* kina hofu ya kitu kilicho nje kinachotaka kuingia, nacho hakikuzuii kulala ukishafunga dirisha. *Hill House* ni ya kitu kilicho ndani, na hakuna cha kufunga. Cha kwanza ni bure, cha pili ni cha kununua, kwa kuwa mwandishi alifariki 1965 na hakimiliki bado ipo katika nchi kadhaa, zikiwamo Marekani na Uingereza. Mtu anayeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga na anayepitia kipindi kigumu, simshauri *Hill House* hata kidogo. Aanze na ngome.

Zetu ambazo hatuziiti za kutisha

Hapa nina malalamiko. Ukiuliza riwaya ya kutisha ya Kiswahili, watu watakuambia hakuna, kisha watakutajia filamu. Ilhali tulisomeshwa moja darasani.

*Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert ilichapishwa 1952. Shuleni tuliulizwa maudhui, dhamira na mafunzo, tukajibu: subira, husuda, wema. Hakuna aliyetuambia tuisome usiku. Ifungue tena na usome pale Ikibali, mjumbe wa mfalme, anapokuwa mgeni wa Adili. Adili ni gavana anayesifiwa kwa uadilifu nchi nzima. Usiku mwenyeji wake anaamka, anashika mjeledi, anakwenda walikofungwa manyani wawili, anawachapa, kisha anawakumbatia akilia. Kila usiku. Mgeni anayaona hayo kwa siri na hana wa kumuuliza. Shaaban Robert aliijenga hadithi yake juu ya kisa kimoja cha Alfu Lela u Lela, ambamo wanaochapwa ni mbwa, naye akaweka manyani, wanyama wenye mikono na nyuso. Badiliko hilo dogo limeongeza hofu mara nyingi. Mbele zaidi kuna mji mzima uliogeuka mawe, watu wake wamesimama walivyokuwa. Na kwa kuwa mwandishi huyu hapendi kumwacha msomaji gizani, kila kitu kinaelezwa, majini wanajulikana kwa majina na sheria yao inafahamika. Ni kitabu kidogo, unakimaliza kwa usiku mmoja au miwili, na lugha yake ni ya kuonja polepole.

*Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 2001, inakaa upande wa pili. K ni mkubwa serikalini, ana nyumba, magari, walinzi, na usingizi hana. Babu yake aliyekufa zamani anamjia. Hakuja kumpa baraka. Anamtoa kwenye ukuta wake mrefu na kumpitisha anakotakiwa kupaona, hali ya watu aliowatawala, na mpaka kati ya ndoto na macho unafutika hadi msomaji mwenyewe hajui yuko wapi. Aliyezoea visa vyepesi vitakavyomtisha kwa mlango na kivuli atachoka, kwani riwaya hii inaruka, inachanganya nyakati, na inamtaka msomaji avumilie kutoelewa kwa kurasa kadhaa. Lakini hofu yake ndiyo iliyo karibu zaidi na sisi, hofu ya kuulizwa na wazee wako: mlichokabidhiwa mmekipeleka wapi?

Ukiviweka pamoja, *Adili* ni cha anayetaka ajabu na faraja. *Babu Alipofufuka* ni cha anayesoma kwa kalamu mkononi, na afadhali akisome mapema, saa tatu au saa nne, wakati akili bado ina nguvu. Nimewaona wasomaji wakikichukua saa sita wakakiacha kwa kudhani ni kigumu mno, na kosa halikuwa la kitabu. Na kama umemaliza *Hill House* na ukaipenda, basi *Babu Alipofufuka* ndicho kitabu cha Kiswahili kitakachokushika kwa namna ileile, kwa sababu vyote viwili vinamtisha mtu kwa kumwonyesha alivyo.

Ukisoma kwa sauti, watoto wakiwapo

Usiku mwingine si wako peke yako. Umeme umekatika, watoto hawataki kulala, wanadai hadithi ya kutisha, na ukiwapa ya kutisha mno utalala nao kitanda kimoja. Kwa usiku huo nina mbili.

Ya kwanza ni ya nunda mla watu. Askofu Edward Steere aliichapisha 1870 katika *Swahili Tales*, mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoelekeana nao. Tafuta kisa cha Sultani Majinuni. Sultani ana paka. Paka anakula ndama, watu wanakuja kushtaki, Sultani anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anakula mbuzi, jibu ni lilelile. Anakua, anahamia mwituni, anakula wapita njia, na jibu halibadiliki, hadi siku anapowala wana wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo Sultani anapokubali kwamba huyo si paka tena. Kijana mdogo, aliyedharauliwa na wote, anatoka kumsaka, na kila akiua mnyama anamletea mama yake amthibitishie, naye mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Watoto wataimba. Wakubwa waliokaa kando watalisikia jibu la Sultani na watakuwa na lao la kufikiria. Tahajia ni ya zamani na baadhi ya maneno yamekwishatoweka, kwa hiyo pitia kurasa hizo mchana kabla hujazisoma mbele ya hadhira.

Ya pili ni ya Japani, kutoka *Kwaidan* ya Lafcadio Hearn (1904). Hoichi ni kipofu anayeishi hekaluni na hodari wa kughani utenzi wa vita vya Dan-no-ura vya 1185, ambamo ukoo mzima wa Heike uliangamia baharini. Usiku mmoja askari mwenye sauti nzito anamwita akaghani mbele ya mabwana wakubwa. Anakwenda, anaghani, wasikilizaji wanalia. Hajui ni akina nani, kwa kuwa haoni. Watawa wanapogundua anakokwenda kila usiku, wanamwandika maneno matakatifu mwili mzima ili asionekane na wafu, na kuna mahali wanapasahau.

Jamii inayojua utenzi na inayojua kombe na hirizi inaipokea hadithi hii bila mkalimani. Mwandishi ameiandika kwa Kiingereza chepesi, nami huwa naitafsiri papo hapo nikisoma, sentensi kwa sentensi. Ni kali kuliko ya nunda, kwa sababu mwisho wake una maumivu ya mwili. Kwa walio chini ya miaka kumi toa nunda. Hoichi aachwe kwa waliobalehe, na kwa babu au bibi aliyeketi pembeni, ambaye akimaliza kuisikia pengine ataanza ya kwake. Akianza, funga kitabu umsikilize, na kama hakatai, irekodi kwa simu.